Nukta ya Tano: nilivyotafuta chanzo cha vitufe vilivyokuwa vinaruka kwenye kifaa changu cha breli

Niliandika "kitu", kidole kikasoma "kisu". Niliandika "kura", ikatoka "kula". "Vita" ikawa "visa". Laiti maneno hayo yangetoka yamevurugika, ningeyashtukia papo hapo. Lakini kila moja ni neno halali la Kiswahili na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayolikataa. Kifaa changu cha breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, kilianza kuharibika kwa njia hiyo, kimya kimya, huku nukta zikipanda na kushuka vizuri na betri ikiwa imejaa.

Nieleze kwa asiyekijua kifaa chenyewe. Kina mstari wa seli ambazo nukta zake huinuka na kushuka kufuata maandishi yaliyo kwenye simu au kompyuta, na juu ya mstari huo kuna vitufe vya kuandikia. Vitufe vitatu vya kushoto ni nukta 1, 2 na 3, vya kulia ni nukta 4, 5 na 6, na kitufe cha nafasi hubonyezwa kwa kidole gumba. Herufi haina kitufe chake peke yake. Herufi t ni nukta 2, 3, 4 na 5 zinazobonyezwa kwa pamoja. Nukta 5 isipofika, zinabaki 2, 3 na 4, ambazo ni s. Ndiyo maana tatizo la vitufe kuruka kwenye breli si sawa na lile la kibodi ya kawaida. Kule kitufe kikiruka unaona pengo, herufi haipo. Huku herufi ipo, ila ni nyingine.

Kwa nambari hali ni mbaya zaidi. Katika breli tarakimu hutumia maumbo ya herufi a hadi j, zikitanguliwa na alama ya nambari. Tarakimu 4, 5, 7, 8 na 0 zote zina nukta 5 ndani yake. Nukta hiyo ikipotea, 4 inakuwa 3, 5 inakuwa 1, 7 inakuwa 6, 8 inakuwa 2, na 0 inakuwa 9. Kwa hiyo 500 inaweza kutoka 199. Nambari ya simu, kiasi cha fedha, kipimo cha dawa, vyote vinaweza kugeuka bila kelele yoyote. Mtu anayesikia anaweza kuiwasha sauti imsomee kila herufi anapoandika. Kiziwi asiyeona hana njia hiyo, kifaa cha breli ndicho masikio na macho yake. Nikifikiria hilo, siwezi kulichukulia suala la vitufe kama usumbufu mdogo wa kuvumilia.

Ushauri wa kwanza unaopewa ukilalamika ni "bonyeza kwa nguvu". Siukubali. Kwanza unaumiza vidole na vifundo vya mikono kwa mtu anayeandika kurasa nyingi kila siku. Pili, unaficha ushahidi: swichi inayokufa ikigandamizwa sana itafanya kazi kwa wiki kadhaa zaidi, kisha itaanza kuruka tena, na wewe umeshajizoesha kuandika kwa kupigapiga. Mashine ya Perkins, ile ya chuma ya kuandikia breli iliyoanza kuuzwa mwaka 1951, ilihitaji nguvu kwa sababu vidole vyako ndivyo vilivyosukuma nukta zikaingia kwenye karatasi. Kitufe cha kifaa cha kielektroniki hakisukumi chochote. Kazi yake ni kufunga mzunguko mdogo wa umeme, na kama hakifungi kwa mguso wa kawaida, kina kasoro.

Nilichofanya ni kuacha kuuliza "kwa nini vitufe havifanyi kazi" na kuuliza "ni nukta ipi inayopotea, na inapotelea wapi". Maswali hayo mawili yanatenganishika, na la kwanza linajibika kwa maandishi yenyewe bila kifaa kingine chochote.

Nilikusanya makosa yangu na kuyapanga. T ilikuwa s, r ilikuwa l, h ilikuwa b, n ilikuwa m, o ilikuwa k, e ilikuwa a. Ukiandika nukta za kila jozi kando kwa kando, tofauti ni ile ile moja: nukta 5. Kisha nikaandika maneno ambayo hayana nukta hiyo kabisa: kamusi, kalamu, pilipili, msafi. Yalitoka safi hata nilipoyaandika kwa kasi. Nikarudi kwenye yenye nukta 5 nyingi, kama nane, tena, ndege, jogoo, na makosa yakarudi. Nane siku ya ubaya zaidi ilitoka "mama", yaani nukta hiyo iliruka katika herufi zote tatu zinazoihitaji.

Kuna njia nyepesi ambayo sisi tunaoandika Kiswahili tumejaliwa bila kuitafuta. Alfabeti yetu haina x wala q. Y ni nukta 1, 3, 4, 5 na 6. Ikipoteza ya tano inakuwa x. Kwa hiyo fungua waraka wowote mrefu ulioandika kwa kifaa chako, tafuta herufi x, uone inajitokeza mara ngapi. Kila x isiyotoka kwenye jina la kigeni ni y iliyopoteza nukta yake. Q nayo ina habari tofauti. Ni nukta 1 hadi 5 zote, na kwa kawaida hutokea pale herufi mbili zinapopandana: r iliyopata nukta 4 isiyo yake, au n iliyopata nukta 2. Ukiona x nyingi, kitufe kinapoteza. Ukiona q nyingi, vidole vinapishana au kifaa kinachelewa kutenganisha herufi. Kwangu x zilijaa na q hazikuwepo.

Nukta nyingine zina alama zake. Nukta 1 ikipotea, p inakuwa s, f inakuwa i, g inakuwa j, b inakuwa mkato, na a inatoweka kabisa kwa sababu a ni nukta 1 peke yake. Ukiona silabi zinakosa a na alama za uandishi zimezagaa mahali zisipotakiwa, tazama kidole cha shahada cha kushoto. Kitufe hicho ndicho kinachofanya kazi kuliko vyote katika lugha yetu. Neno "kalamu" lina nukta 1 katika kila herufi. Irabu zote isipokuwa i zinayo, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu.

Hapo kuna jambo linalohusu namna ya kuandika ambalo ni vizuri kulielewa kabla ya kukilaumu kifaa. Vifaa na programu nyingi hazihesabu herufi wakati unapobonyeza, huihesabu unapoanza kuachia. Kidole cha kwanza kinapoinuka, programu huchukua vitufe vyote vilivyokuwa chini wakati huo na kusema hii ndiyo herufi. Vidole vingine vinavyofuata kuinuka havihesabiwi. Sasa andika "la" kwa haraka. L ni 1, 2, 3. Ukiinua vidole vya 2 na 3 lakini cha 1 kikabaki kimelala juu ya kitufe bila kuinuka hadi mwisho, l imeandikwa, na a haitaandikwa kwa sababu kitufe cha 1 hakikubonyezwa upya. Kwa mwandishi inaonekana kama kitufe kimeruka. Kwa kifaa, kitufe hakikuachiwa. Dawa yake ni kuinua mkono wote kwa pamoja baada ya kila herufi, na inachukua muda mpaka vidole vizoee. Waliojifunzia kwenye mashine ya chuma mara nyingi wana shida hii, kwa sababu vitufe vya mashine ile vina mwendo mrefu na vinarudi juu kwa nguvu vyenyewe, ilhali vya kifaa hiki vina mwendo mfupi.

Lakini kutoachia hakuwezi kueleza nukta 5 inayoruka peke yake ndani ya t huku 2, 3 na 4 zikifika. Kwa hiyo nikaingia kwenye swali la pili, la wapi inapopotelea.

Kutoka kidoleni hadi kwenye skrini kuna njia ndefu. Kuna swichi chini ya kitufe, kuna programu ya ndani ya kifaa inayosoma swichi hizo, kuna waya wa USB au Bluetooth, kuna draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa), kuna programu ya kusoma skrini, na mwisho kuna ile programu unayoandikia. Kila kituo kinaweza kupoteza kitu. Kosa ninaloliona sana kwa wanaosaidiana katika mambo haya ni kuanzia mwisho wa njia: kufuta programu, kuisakinisha upya, kubadilisha simu, kurudisha mipangilio ya kiwandani, mpaka mtu amepoteza kila alichokuwa amekipanga na kitufe bado kinaruka. Mimi naona ni heri kuanzia karibu na kidole.

Kifaa changu kina daftari lake la ndani, la kuandika bila kuunganishwa na chochote. Nilizima Bluetooth, nikachomoa waya, nikaandika humo. "Kitu" ikatoka "kisu" vile vile. Dakika chache tu, na simu, kompyuta, Bluetooth na kisoma skrini vyote vikawa vimetoka katika orodha ya washukiwa kwa kosa hilo. Kama kifaa chako hakina daftari la ndani, tumia njia ya pili: kiunganishe na mashine mbili tofauti, moja kwa waya na nyingine kwa Bluetooth, uandike maneno yale yale. Kosa likifuata kifaa kila kiendako, limo ndani ya kifaa.

Kwa anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini kwenye Windows, kuna ushahidi mzuri zaidi. Kitufe cha NVDA na kile cha 1 kwenye kibodi ya kawaida, vikibonyezwa kwa pamoja, huwasha hali ya msaada wa vitufe, ambapo kila unachobonyeza kinatajwa bila kutekelezwa. Pia unaweza kupandisha kiwango cha kumbukumbu za programu hadi kile kinachorekodi mambo yote yanayoingia na kutoka, kisha ufungue kumbukumbu hizo kwa NVDA na F1. Humo kila herufi imeandikwa kwa nukta zake kama zilivyopokelewa: nukta 2, nukta 3, nukta 4. Huhitaji kukumbuka wala kukisia, unasoma. Angalizo moja: kiwango hicho kinarekodi kila unachoandika, zikiwemo nywila, kwa hiyo kirudishe chini kabla ya kuingia kwenye akaunti yoyote, na usimtumie mtu faili hilo kabla ya kulisoma. Kwenye iPhone, nafasi pamoja na nukta 1 na 3 huwasha msaada wa VoiceOver, kisoma skrini cha simu hiyo, unaofanya kazi kama hiyo.

Kumbukumbu hizo zilinionyesha kitu ambacho nisingekigundua vinginevyo. Nilikuwa na matatizo mawili, si moja. Mbali na nukta 5, kulikuwa na herufi za mwanzo wa sentensi zilizopotea nzima nzima, nukta zote, kila nilipotulia kufikiri kisha nikaanza tena kuandika. Hizi hazikuandikwa kwenye kumbukumbu hata kwa nusu. Na kwenye daftari la ndani hazikupotea kamwe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikizihesabu pamoja na zile za nukta 5 kwa sababu malalamiko yangu yalikuwa yale yale, "kinaruka herufi", na kila nilipodhani nimepata chanzo cha moja, mfano wa nyingine ulikuja kulipinga jibu langu.

Herufi za mwanzo zilikuwa zinapotelea hewani. Muunganisho wa Bluetooth huingia kwenye hali ya kupunguza matumizi ya umeme usipotumika, na mbonyezo wa kwanza unaishia kuuamsha tu. Kwa USB, Windows nayo ina mpangilio wa kusimamisha kifaa kisichotumika ili kuokoa umeme, na unaweza kuzimwa. Nilipotumia waya na kuuzima mpangilio huo, herufi za mwanzo ziliacha kupotea. Kwa Bluetooth nilisogeza pia kompyuta mbali na diski ya nje, kwa sababu vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa yale yale ya 2.4 GHz ambayo Bluetooth hutumia. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Muunganisho ulitulia zaidi, ingawa usingizi wenyewe ulibaki.

Mambo mengine niliyapitia haraka. Hali ya kuandika kwa mkono mmoja, ambayo vifaa kadhaa vinayo, hukusanya nukta na kutoandika herufi mpaka ubonyeze nafasi. Ikiwashwa bila mtu kujua, anaamini kifaa kimekufa. Breli ya mkato, yaani ile inayofupisha maneno, nayo katika baadhi ya programu hungoja neno liishe kabla ya kulionyesha kwa maandishi ya kawaida, na mtu anayeangalia skrini anadhani herufi hazifiki. VoiceOver ina mpangilio wa muda wa kupuuza mibonyezo inayofuatana upesi, na ukiwa mrefu mno utameza herufi za mwandishi mwenye kasi. Vifaa vipya vinaweza pia kutumia kiwango cha pamoja cha mawasiliano kiitwacho HID kwa breli, kilichotangazwa mwaka 2018, badala ya lugha ya mtengenezaji mwenyewe. Kubadilisha kutoka kimoja hadi kingine wakati mwingine hutatua kasoro ya draiva. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa langu, na niliyaacha.

Nikabaki na nukta 5 na swichi yake. Nilisasisha programu ya ndani ya kifaa, kwa sababu programu hiyo ndiyo inayoamua mguso upi ni wa kweli. Swichi ikifungwa hutetemeka kwa milisekunde chache, na programu husubiri mtetemo utulie kabla ya kuihesabu. Mtengenezaji akibadilisha muda huo wa kusubiri, tabia ya vitufe inaweza kubadilika. Haikubadilika kwangu. Nikasafisha. Mafuta ya vidole na vumbi hujikusanya pembeni mwa vitufe, hasa vile vya kidole cha kati na cha shahada. Nilizima kifaa, nikachomoa waya, nikatumia kitambaa laini chenye unyevu mdogo tu wa alkoholi ya kusafishia, nikapitisha kuzunguka kila kitufe. Usinyunyize kimiminika moja kwa moja, na usichokoe vitundu vya seli kwa kitu chochote. Chini ya kila nukta kuna kipande chembamba cha piezo kinachopinda kinapopewa umeme wa volti zinazokaribia 200. Ni kitu cha kudhurika kirahisi, na seli ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote. Usafi ulisaidia kwa siku chache, kisha x zikarudi kwenye maandishi yangu.

Fundi aliyekipokea alikijaribu mbele yangu na kusema vitufe vyote vinafanya kazi. Alikuwa anabonyeza kimoja kimoja, polepole, na kwa namna hiyo kweli vyote vilifanya kazi, hata cha nukta 5. Hakuwa anadanganya wala hakuwa mvivu. Hakuwa mtumiaji wa breli, na kwake kitufe ni kitufe. Nilimwomba anisikilize niandike t mfululizo kwa kasi yangu ya kawaida huku yeye akitazama skrini, kisha s mfululizo, kisha t tena. Aliona mwenyewe s zikichanganyika kwenye mstari wa t na mstari wa s ukiwa safi. Nilikuwa pia nimemwandikia karatasi yenye mambo machache: kitufe kipi, kosa linatokea katika mibonyezo ya pamoja na si ya kimoja kimoja, linatokea hata bila kuunganishwa na kitu, halibadiliki baada ya kusasisha programu ya ndani wala baada ya kusafisha. Baada ya hapo hakuniuliza kama nimejaribu kukizima na kukiwasha. Alifungua kifaa, akabadilisha swichi ya kitufe kile.

Namshauri kila mwenye kifaa cha namna hii afike kwa fundi na ushahidi wa aina hiyo. Usiseme "kinaruka". Taja nukta. Onyesha herufi inayogeuka na ile inayogeuka kuwa. Taja kama kosa lipo kwenye daftari la ndani. Kifaa kikitumwa mbali kukaguliwa na mtu asiyesoma breli, kinaweza kurudi na maneno "hakina tatizo" baada ya wiki nyingi, na wiki hizo wewe huna cha kusomea. Kwa mtu anayesoma na kuandika kwa vidole, hilo ni sawa na kunyang'anywa kalamu na kitabu kwa wakati mmoja.

Siku kilipotoka kwa fundi nilirudia maneno yale yale ya majaribio, yenye nukta 5 na yasiyo nayo, kwa kasi, kwenye daftari la ndani kwanza, kisha kwa waya, kisha kwa Bluetooth. Yalitoka sawasawa yote. Faili la maneno hayo limebaki ndani ya kifaa, na nimelisambaza kwa wenzangu wanaotumia vifaa vya watengenezaji wengine, kwa sababu nukta ni zile zile. Mmoja wao amegundua kuwa kwake inayoruka ni nukta 3, ile inayotenganisha k na a, m na c, o na e. Tatizo la usingizi wa Bluetooth kwenye simu halijaisha. Ninapotulia kwa muda, nabonyeza kwanza kitufe cha kusogeza mstari, nangoja seli zibadilike, ndipo naanza kuandika.